Muuguzi, watoto wawili, nataka kuhamia kwenye kuandika programu: kuna aliyeweza kweli au tunadanganyana?

#1 MamaKulthum_Moro (mleta uzi)

Wakuu habari za usiku. Naombeni ukweli, msinipambe.

Mimi ni muuguzi, zahanati moja huku Morogoro vijijini, miaka 34. Watoto wawili. Wa kwanza anaingia darasa la kwanza Januari, wa pili ana miezi 11 na ananyonya kama kesho hakuna. Baba yao dereva wa malori, Dar mpaka Lubumbashi. Akiondoka ni wiki tatu, nne, na foleni ya Tunduma ikikaza tunasahau sura.

Nilianza kujifunza kwa sababu ndogo tu. Kila mwisho wa mwezi nakaa na vitabu vya MTUHA (vile vya takwimu za zahanati) nahesabu kwa kalamu na kidole: wangapi wamekuja kliniki, wangapi chini ya miaka mitano, wangapi hudhurio la kwanza. Nikimaliza, jumla yangu haikubaliani na ya mwenzangu, tunaanza upya. Siku moja nikasema hii kazi si ya binadamu. Nikaingia freeCodeCamp, tovuti ya bure ya kujifunza kuandika programu, kwa simu, baadaye nikanunua laptopu ya mkono wa pili.

Sasa ni miezi 14. Humu mnasema "miezi sita unapata kazi". Mimi wa miezi 14 bado nahangaika na JavaScript, lugha ya kuandikia programu, na juzi nimemaliza siku tatu natafuta kosa, kumbe nimesahau kufunga alama ya nukuu. Tena naandika kwa mkono mmoja, wa kushoto una mtoto.

Nadai hivi, nipingeni: tatizo si muda. Nikijumlisha napata kama saa mbili kwa siku. Ila saa mbili hizo zinakuja vipande kumi na viwili. Nikipata dakika kumi, nane zinaisha nikijiuliza nilikuwa nawaza nini. Kuna mzazi humu amelivuka hili, au nirudi kwenye sindano zangu?

#2 Kiroboto wa Ubungo

Siti ya mbele, karanga mkononi. Wajuzi waje.

#3 Jembe la Nyakato

Dada pole, na hongera. Nilikuwa mhasibu wa kampuni ya samaki hapa Mwanza, nakodi tangu 2016, watoto watatu. Hiyo ya miezi sita ni habari za watu wasiokuwa na wa kumpikia uji. Mimi kutoka somo la kwanza mpaka mshahara wa kwanza ni miaka mitatu na miezi minne. Naitaja namba ili mtu asijione mjinga.

Ratiba yangu ilikuwa saa kumi alfajiri mpaka saa kumi na mbili kasoro, kila siku isipokuwa Jumapili. Usiku nilijaribu nikashindwa. Nasinzia, asubuhi nakuta faili lina herufi j kama mia nne.

Kuhusu vipande, nakubali nusu. Dawa yangu ilikuwa daftari la kaunta. Kila nikinyanyuka, hata mtoto awe amedondoka, naandika mstari mmoja kwanza: "natafuta kwa nini jumla inatoka 0, fomu nimeshaikagua, bado hifadhidata". Nikirudi baada ya saa tatu sianzi kuwaza, nasoma tu. Dakika nane zako zinakuwa moja.

#4 Kiroboto wa Ubungo

> Jembe la Nyakato: "nakodi tangu 2016"

Unakodi nini mkuu, fremu?

#5 Jembe la Nyakato

Nakodi fremu, nakodi bajaji, naandika kodi (code) za kompyuta, na TRA wakija nawaambia ya kwangu si ile yao.

#6 Bint Konde

Assalam alaykum. Huyo wa saa kumi alfajiri muulizeni mkewe alikuwa akiamka saa ngapi.

Mtoto wa miezi kumi na moja hajui saa kumi wala saa tano. Mie wangu akisikia tu kifuniko cha laptopu kinafunguka, keshaamka. Na hapo mstari wa daftari mie siuandiki, mtoto amedondoka nashika kalamu? Nyie wanaume nyie.

#7 Jembe la Nyakato

Bint Konde umenipata pabaya 😂 Kweli, kwa yule mdogo alikuwa anaamka mama yake. Na uji alipika yeye. Nakiri mbele ya jukwaa.

#8 MamaKulthum_Moro

Asanteni. Daftari nalichukua, ila la mtoto kudondoka namuunga mkono dada wa Pemba.

Niulize jambo dogo la aibu. Kitufe cha Shift cha kulia mwanangu alishaking'oa, sijui alikimeza au kiko chini ya kabati. Cha kushoto kipo, ila mkono wa kushoto ndio umembeba. Sasa JavaScript ni mabano kila mstari. Kila bano namhamisha mtoto paja hili, nabonyeza, namrudisha. Mnafanyaje?

#9 Mchomelea Waya

Rahisi. Kama ni Windows, bonyeza Shift mara tano mfululizo. Kinatokea kidirisha cha Sticky Keys, kubali. Kuanzia hapo unabonyeza Shift unaiachia, kisha unabonyeza 9, bano linatoka. Huhitaji kuvishika vyote pamoja. Kiliwekwa kwa ajili ya watu ambao vidole haviwezi kubonyeza vitufe viwili kwa mpigo.

#10 Kisura wa Tandale

Subiri kwanza. Hicho kidirisha kwangu kinatokea kila mtoto akichezea kompyuta! Nikajua ni virusi. Nimemlipa fundi elfu kumi akaniambia "nimekiondoa, ila kinaweza kurudi".

#11 Kiroboto wa Ubungo

Fundi hakukosea, kinaweza kurudi 😂😂

#12 Mtoro wa Hesabu

Mnacheka watoto kuchezea vitufe, ila kuna mtoto aliwahi kugundua kosa kwenye programu ya kwenda mwezini. Margaret Hamilton, mama aliyeongoza timu ya programu za chombo cha Apollo pale chuo cha MIT, Marekani, jioni na wikendi alikuwa anamleta kazini bintiye Lauren. Siku moja binti akabonyeza bonyeza kwenye mashine ya majaribio, programu ikakwama. Alikuwa ameita programu ya maandalizi ya kuruka wakati safari ya majaribio iko katikati. Mama akataka aongeze ulinzi ili mwanaanga asiweze kukosea vile. Wakubwa wakakataa, wanaanga wamefundwa, hawakosei. Basi Apollo 11 mwanaanga akakosea vilevile.

#13 Saa Mbovu

Mkuu Mtoro, umesimulia vizuri ila ni Apollo 8, Desemba 1968, aliyekosea ni Jim Lovell. Akafuta taarifa za mahali chombo kilipo angani, ikabidi zipandishwe upya kutoka duniani. Apollo 11 kuna kengele za 1202, kompyuta ya chombo ikilalamika imezidiwa kazi, ile ni habari nyingine.

#14 Mtoro wa Hesabu

Nimesahihishwa, sawa. Hoja imebaki palepale, mpe mtoto kibodi.

#15 Shangazi wa Minnesota

Wadogo zangu, mimi niwape upande wa pili. Niko Minneapolis mwaka wa kumi na sita, nalea peke yangu watoto wawili. Nilikuwa nahudumia wazee kwenye nyumba za kutunzia. 2021 kila mtu alikuwa anasema teknolojia, teknolojia. Nikachukua mkopo nikasoma kozi ya mkupuo ya kuandika programu, wiki ishirini na nne, jioni. Watoto walikula piza mpaka mdogo akaniambia mama naomba ugali. Jamani, mtoto wa kuzaliwa huku, anaomba ugali!

Nilimaliza mwishoni mwa 2022. Mwezi uleule Meta, wenye Facebook, wanaachisha watu 11,000, Januari Google wanaachisha 12,000. Mimi na cheti changu kibichi nimesimama foleni moja na mtu aliyetoka Google. Nilituma maombi mpaka nikaacha kuhesabu, nikaitwa usaili mara nne. Leo nimerudi kwa wazee wangu, nasomea uuguzi, na mkopo wa kozi bado nalipa. Mleta uzi, wewe cheti ninachokililia mimi unacho tayari, unataka kukiacha. Ndiyo dunia.

#16 Riba Juu

Pole shangazi. Hukukosea wewe, ni riba tu. Machi 2022 riba ya benki kuu ya Marekani ilikuwa karibu na sifuri, Julai 2023 ikafika asilimia 5.25 mpaka 5.50. Pesa ya bure ikaisha, kampuni zilizokuwa zinaajiri kwa mbwembwe zikafunga pochi. Wa kwanza kutupwa ni mwanafunzi.

#17 Wakili Asiye na Kesi

Riba ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kodi, na safari hii ni kodi kama ya TRA siyo ya Jembe. Sheria ya kodi ya Marekani ya 2017 ilibadilisha kifungu cha 174. Kuanzia 2022 gharama ya kutengeneza programu haikatwi yote kwenye hesabu ya kodi ya mwaka uleule, inagawanywa miaka mitano. Na kama kazi imefanyika nje ya Marekani, miaka 15. Maana yake umemlipa kijana wa Dar leo, mamlaka ya kodi inakurudishia vipande mpaka mtoto wake amalize kidato cha nne. Mwaka 2025 wakarekebisha, ila kwa kazi ya ndani tu. Ya nje imebaki 15. Wanaoota kazi za Marekani wakiwa Mbagala walijue hilo.

#18 Kipanga wa Iringa

Mnazunguka. Ni akili mnemba (AI). ChatGPT ilitoka Novemba 2022, na kazi za wachanga, wale wanaoanza, zikaanza kupotea hapohapo. Zile kazi ndogondogo alizokuwa anapewa mwanafunzi ili ajifunze, sasa bosi anaiambia mashine inatema kwa dakika mbili. Ngazi imebaki, kipandio cha chini kimekatwa. Mleta uzi atapandia wapi?

#19 Ami wa Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Nyote mwasema 2022, 2022. Haya nielezeni hili. Andela, kampuni ya waandika programu, ilianza Lagos 2014, Nairobi ikaingia 2015, ikachukua vijana wabichi na kuwafunza ikiwalipa. Septemba 2019 ikawaachisha mamia, Nigeria, Uganda na kwetu Kenya, wote wachanga. Sababu waliyotoa ni kuwa wateja wanataka wazoefu. Hiyo ni kabla ya riba kupanda, kabla ya hicho kifungu chenu cha 174 kuanza kuuma, na ChatGPT haijazaliwa. Mchanga hajawahi kutakikana, ndugu zangu. Ilikuwa ni kipindi kifupi tu cha bahati.

Na huku kwetu twaiita akili unde, hiyo "mnemba" yenu yanikumbusha kisiwa.

#20 Kipanga wa Iringa

Ami, unde nako kunanikumbusha mtumbwi. Lakini hoja ya 2019 ni nzito, nikae nayo.

#21 Riba Juu

Mimi siikubali. Kampuni moja haifanyi soko. 2021 wachanga waliajiriwa kwa wingi, tuliwaona. Kama "hajawahi kutakikana", wale walikuwa nani?

#22 Shangazi wa Minnesota

Riba, kodi, mashine, chagueni mnayotaka. Mkopo wangu hauulizi sababu.

#23 Mwalimu wa Zamu

Turudi kwa mleta uzi, naona mmempeleka Washington bila nauli.

Kulea na kuandika programu si jambo jipya, tena lilianza kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Uingereza 1972 mama mmoja, Stephanie Shirley, alifungua kampuni ya programu kwa kuajiri wanawake walioacha kazi baada ya kuzaa. Walifanyia nyumbani. Nyumbani kompyuta hakuna! Waliandika kwa penseli kwenye karatasi. Barua za biashara akawa anasaini "Steve" kwa sababu akisaini Stephanie hajibiwi. Na simu ikilia, anawasha kanda iliyorekodiwa sauti ya taipureta, mteja asisikie mtoto akilia. Hao walioficha watoto nyuma ya taipureta ndio walioandika programu ya kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde.

#24 Saa Mbovu

1962, mwalimu. Alianza na pauni sita. Katika wafanyakazi wake 300 wa mwanzo, 297 walikuwa wanawake. Ilipokuja sheria ya 1975 ya kukataza ubaguzi wa kijinsia, ikambidi aajiri wanaume. Amefariki Agosti 2025.

#25 Mwalimu wa Zamu

Saa Mbovu wewe si mbovu hata kidogo. 1962, ndiyo.

#26 Bint Konde

Hiyo ya kanda nimeipenda. Mie kwenye mkutano wa mtandaoni huwa nasema "samahani, ni jirani". Jirani ana miaka miwili na ananiita mama.

Lakini mwalimu, mwenye kampuni alikuwa ni mama mwenyewe, akajua kazi inagawika vipi. Kama bosi ni yule anayekupigia saa moja na nusu usiku "tuingie mkutanoni mara moja", hata penseli haitakusaidia. Suali la mleta uzi ni vipande. Mie nasema vipande vinatokana na bosi na mume, havitokani na mtoto. Mtoto analala.

#27 Dume la Kolomije

Mume amefanya nini tena? Mleta uzi mumewe yuko njiani anatafuta mkate. Wanawake mnataka tulee, tuendeshe lori na tuandike programu. Chukua dada wa kazi, shida imeisha. Hapo ndipo huwa mnajichanganya, mnaona gharama.

#28 Kisura wa Tandale

Dada wa kazi! Mimi nimebadilisha wanne kwa mwaka. Wa mwisho aliondoka Jumatatu asubuhi akisema anaenda kununua vocha. Huo mwezi sikujifunza mstari mmoja. Anayesema "chukua dada" hajawahi kumtafuta.

#29 MamaKulthum_Moro

Dume, sijamlaumu mume wangu. Akirudi analea vizuri kuliko mimi, watoto wanamganda. Tatizo letu ni lingine. Aliniona saa sita usiku na laptopu akadhani nachati. Alikaa kimya siku mbili. Nilipomuonyesha skrini, maandishi ya rangi rangi, akasema "sasa haya si ndiyo mabaya zaidi, hata huelewi unaandikiana na nani". Tukacheka. Tangu hapo akipiga simu kutoka Kapiri Mposhi anauliza, "ile nukuu umeifunga?"

#30 Kiroboto wa Ubungo

Shemeji apewe uanachama wa jukwaa.

#31 Afisa Rasilimali Tupu

Kabla hujaacha kazi, jua ulichonacho kwenye ajira yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: likizo ya uzazi siku 90 yenye malipo, na ukirudi una haki ya saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Ukienda kwenye kazi za mkataba wa mtandaoni, hayo yote unayaaga. Ukizaa tena, unazaa kwa gharama zako.

#32 Saa Mbovu

Siku 84. Ukizaa zaidi ya mmoja kwa mpigo, 100. Saa mbili za kunyonyesha ni sahihi, "zisizozidi" mbili.

#33 Afisa Rasilimali Tupu

84, kweli. Nimechanganya na ya Kenya, wao ni miezi mitatu.

#34 Ami wa Kisauni

Na baba kwetu wiki mbili. Nyinyi mwapewa siku tatu. Siku tatu hata jina la mtoto hamjakubaliana.

#35 Hesabu za Kliniki

Nimesoma uzi wote kimya, sasa niseme. Nilikuwa tabibu, nimehama miaka saba iliyopita, nalea watoto wawili, na leo nafanya kazi kwenye mifumo ya afya.

Mleta uzi, hizo takwimu za MTUHA unazozihesabu kwa kidole, zikitoka kwako zinaingizwa DHIS2. Hiyo DHIS2 ni programu huria, chimbuko lake ni Chuo Kikuu cha Oslo. Inatumika nchi nyingi sana, na pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna watu wameifanyia kazi miaka mingi. Sehemu unayoiona kwenye skrini imeandikwa kwa JavaScript, hiyohiyo inayokutoa jasho. Kuna na OpenMRS, ya kumbukumbu za wagonjwa, wenzetu wa Eldoret wameitumia tangu zamani. Hizi zote unaweza kusoma ndani yake bure, na unaweza kupeleka marekebisho.

Watu wanaojua JavaScript ni wengi kuliko kunguru wa Zanzibar. Wanaojua JavaScript na wanajua pia kwa nini muuguzi anaandika "hudhurio la kwanza" kwenye safu isiyo yake siku ya Ijumaa jioni, hao ni wachache. Mimi niliajiriwa kwa sababu hiyo. Kwenye usaili waliniuliza fomu ya kliniki ya watoto ina kasoro gani, nikaongea dakika arobaini. Maswali ya programu nilipata nusu.

Kwa hiyo shangazi wa Minnesota na Ami mnasema kweli kuhusu soko la nje, lakini yeye haendi soko hilo. Asishindane na mtu wa Google. Ashindane kuielewa zahanati yake.

#36 Riba Juu

Na miradi mingi ya afya ilikuwa inalipwa na wafadhili. 2025 Marekani imekata misaada, wangapi wamebaki kwenye hiyo mifumo? Usimpeleke mtu kwenye nyumba inayovuja.

#37 Hesabu za Kliniki

Nakubali. Timu yangu tulikuwa kumi na mmoja, tumebaki wanne. Sitaficha.

#38 Mama Watatu Temeke

Hatujagusa umeme na bando hata kidogo, na ndivyo vilivyonimaliza mimi. Nilifika mbali. Nilipata usaili wa kampuni ya nje, Jumatatu tarehe 13 Mei 2024, saa tisa alasiri. Mnakumbuka Jumapili ya tarehe 12 kulitokea nini? Nyaya za baharini zilikatika, EASSy na Seacom, nchi nzima intaneti inasuasua. Nilikaa na mtoto mgongoni naangalia kile kiduara kinazunguka. Nikawatumia barua pepe ya kuomba radhi, nayo ikatoka saa tano usiku. Hawakujibu tena. Riba gani, kodi gani? Wangu ni waya.

#39 Kipanga wa Iringa

Pole sana. Hiyo haina jibu.

#40 Mchomelea Waya

Kuhusu bando, ushauri wa haraka: masomo ya maandishi yanakula kidogo, video ndiyo inakomba. Video shusha ukiwa mahali penye Wi-Fi ya bure, uangalie nyumbani. Na kwenye laptopu ya mkono wa pili badilisha betri kwanza kabla ya kitu kingine chochote. TANESCO akikata, unataka angalau dakika arobaini.

#41 Wakili Asiye na Kesi

Angalizo kwa mleta uzi na kwa Hesabu za Kliniki. Usifanye mazoezi kwa majina ya wagonjwa halisi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya ni nyeti. Ukibeba kitabu cha wagonjwa kwenye laptopu inayochezewa na mtoto, siku ikiibiwa utatafutwa wewe. Tunga majina. Juma, Asha, Juma tena.

#42 MamaKulthum_Moro

Natumia majina ya kuku wangu. Nilishaliwaza hilo 😄

#43 Baba Jasiri wa Tabata

Mimi ni baba, mke wangu alifariki mtoto akiwa na mwaka mmoja na nusu. Nilikuwa nauza spea. Nilijifunza karibu miaka miwili, nilipenda sana, nilifikia kutengeneza mfumo wa stoo wa duka letu. Kisha mtoto akaanza shule, mwalimu akaniita akasema anachora picha ya nyumba, ndani kuna mtoto, na baba amegeuza mgongo ana kitu cha mraba chenye mwanga. Nikafunga. Sikushindwa na mabano wala na vipande. Sijui kama nilifanya sawa. Mfumo wa stoo bado unafanya kazi, wanautumia mpaka leo.

#44 Bint Konde

Allah akulipe kheri. Wangu pia ananichora na laptopu, ila mie kanichora nacheka. Au labda analia, mdomo haueleweki.

#45 Jembe la Nyakato

Baba Jasiri, watoto wangu walikuwa wamelala saa kumi. Nimekuwa nikijisifu kwa nidhamu miaka yote hii, kumbe nilikuwa na mtu chumba cha pili. Nimeliona kwenye uzi huu.

#46 Dume la Kolomije

Naona hali ya hewa imebadilika. Natoka taratibu.

#47 MamaKulthum_Moro

Wakuu nimerudi, wiki tano zimepita, rosta ya usiku ilinishika.

Sijaacha kazi. Nimetengeneza kitu kidogo, ukurasa mmoja tu. Unaandika tarehe ya kuzaliwa, unakupa tarehe ya kila chanjo inayofuata, na ikiangukia Jumapili unasogeza Jumatatu. Nimejaribu kwa kuku wote na watoto wangu wawili. Kwa Kulthum ilitoa tarehe ya ajabu, nikakaa nayo usiku mbili, mstari wa daftari nikauandika mara sita. Kosa lilikuwa kwenye kubadilisha maandishi kuwa tarehe, nilikuwa natanguliza siku kabla ya mwezi.

Hiyo ya Sticky Keys imeniokoa, Mchomelea Waya ubarikiwe. Ila mdogo sasa amejua. Anabonyeza mwenyewe mara tano, kidirisha kikitokea anapiga makofi.

Shangazi, ulichosema kuhusu cheti changu nakiwaza kila siku nikivaa sare. Sina jibu. Hesabu za Kliniki nimekutumia ujumbe.

Swali dogo la mwisho: kile kitufe cha Shift cha kulia, kuna mtu anajua kinapouzwa?

#48 Mchomelea Waya

Kariakoo, mtaa wa Aggrey, ulizia mafundi wa laptopu. Ila kitufe kimoja hawauzi, watakuuzia kibodi nzima.

#49 Kisura wa Tandale

Usiende kwa fundi wangu.

#50 Bint Konde

Angalia chini ya kabati kwanza.